Mrembo akikwama stendi nzima inasimama: ni sura yake, au ni sisi tumefurahi?

#1 Wakala wa Mkanaledi

Habari za leo wanajukwaa, hasa ndugu zangu wa Kusini.

Nina kibanda cha miamala jirani na stendi ya Mkanaledi, Mtwara mjini. Ukishinda kibandani unaona mengi. Dai langu ni hili, mnipinge kwa hoja na si kwa matusi: binadamu hamsaidii mwenye shida, anamsaidia anayempendeza.

Juzi asubuhi gari la Newala limeshawashwa. Kaja bibi na kiroba cha makopa (mihogo mikavu), anakiburuta, hatua tatu anapumzika, mtandio umemshuka hadi kwenye nyusi na hana mkono wa kuupandisha. Wapiga debe wawili wamekalia ndoo, wanamtazama. Punde kashuka binti kwenye bajaji na sanduku la magurudumu. Wote wawili wakainuka, na wa tatu katokea sijui wapi. Sanduku la magurudumu, jamani! Lile linajiendea lenyewe.

Sasa nimesoma habari za mtaalamu wa saikolojia ya jamii wa Marekani, Michael Cunningham wa Chuo Kikuu cha Louisville, kule Kentucky. Huyu bwana amechunguza mambo mawili ambayo sisi huwa tunayachanganya: uso unaovutia, na hali ya moyo ya yule anayeombwa msaada. Ndipo nikajiuliza, wale vijana waliinuliwa na uso wa binti, au binti aliwachangamsha tu, na kama wangekuwa wamechangamka kwa jambo lingine lolote wangembebea hata bibi?

Nawasilisha.

#2 Konda Mstaafu

Mleta mada, na wewe wakati bibi anaburuta kiroba ulikuwa wapi? Kibandani unaandika takwimu?

#3 Chikongola Juu

Nimeshakaa siti ya mbele. Dereva, twende.

#4 Wakala wa Mkanaledi

Konda, nilikuwa na mteja anatoa hela, droo iko wazi. Turudi kwenye mada.

#5 Mwalimu Newala

Huyo Cunningham namfahamu kwa maandishi yake, ngoja niweke nyama kidogo.

Mwaka 1986 alitoa utafiti wa nyuso za wanawake. Hakuuliza tu "yupi mzuri". Alichukua picha, zikiwemo za washiriki wa Miss Universe, akapima kwa vipimo: upana wa jicho, urefu wa pua, kidevu, umbali wa nyusi na jicho, upana wa tabasamu. Halafu wanaume wakatoa alama. Nyuso zilizopata alama za juu zilikuwa na macho makubwa, pua ndogo na kidevu kidogo (yaani mambo ya uso wa mtoto), pamoja na mashavu yaliyobonyea na mifupa ya juu ya shavu iliyojitokeza (mambo ya mtu mzima), na tena nyusi zilizoinuka na tabasamu pana.

Linalohusu mada ni sehemu ya pili. Wanaume waliulizwa pia wangekuwa tayari kufanya nini kwa ajili ya mwanamke wa pichani: kujitoa, kubeba hatari kwa ajili yake. Sura zile zile zilizopata alama za uzuri ndizo zilizowavuta kusema wangejitoa. Kwa hiyo dai la Wakala lina mguu wa kusimamia.

Ila angalia, pale watu *walisema* wangesaidia. Kusema na kubeba kiroba ni vitu viwili.

#6 Binti Mikindani

Asante mwalimu. Mimi nitasema lililo wazi ambalo kaka zangu mnalizunguka. Yule binti wa sanduku hakusaidiwa. Alianzishiwa mazungumzo.

Pikipiki yangu iliwahi kuishiwa mafuta jua la saa nane, karibu na Mikindani. Walisimama watu, wee! Mmoja akachomoa mpira chini ya siti, akanyonya petroli kwenye pikipiki yake mwenyewe, akatema mate ya mafuta barabarani, akanijazia kwenye chupa ya maji. Nikashukuru kwa dhati. Kabla sijapiga kiki ananiambia "sasa dada, namba yako ili nijue umefika salama". Nimefika salama, na mpaka msimu ule wa korosho unaisha alikuwa bado anauliza kama nimefika.

Bibi wa makopa hana namba wanayoitaka. Hilo ndilo jibu la mada, mfunge uzi.

#7 Fundi Bajaji

Sista unatuonea. Wengine tunasimama kwa roho safi.

#8 Binti Mikindani

Roho safi mbona haisimami kwa mwanaume mwenzio aliyeishiwa mafuta?

#9 Mtoto wa Nachingwea

Mimi naamini hali ya moyo kuliko sura. Huyo huyo Cunningham aliwahi kuweka sarafu kwenye kibanda cha simu, mtu akiiokota bahati yake anafurahi, halafu mbele anakutana na mwenye shida na kumsaidia. Waliookota walisaidia karibu wote.

Na sisi huku tunayo sarafu yetu, inaitwa korosho. Msimu wa 2017/18 bei ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, nani alikuwa anakataa kumpa mtu lifti? Mtu analipwa na chama cha msingi, anatoka pale anamnunulia soda asiyemjua. Msimu uliofuata serikali ikaja kununua kwa 3,300, malipo ya wengi yakachelewa, na hata salamu zikawa za kupimwa. Sura za watu zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni moyo.

#10 Mtafiti Njaa

Mtoto wa Nachingwea, hoja nzuri ila umempa Cunningham mali ya wenyewe. Sarafu ya kwenye kibanda cha simu ni ya Alice Isen na Paula Levin, 1972. Walifanya kwenye maduka makubwa San Francisco na Philadelphia. Sarafu ya senti kumi inaachwa kwenye kitundu cha kurudishia chenji. Mtu akitoka, dada mmoja anaangusha karatasi zake mbele yake. Walioikuta sarafu walikuwa 16, wakasaidia 14. Wasioikuta walikuwa 25, akasaidia mmoja.

Cunningham naye alikuja kuitumia njia hiyo ya sarafu mwaka 1980 pamoja na wenzake, lakini kwa swali jingine, nitalieleza baadaye nikipata muda.

Na kabla watu hawajashangilia hizo 14 kwa 16: waliorudia jaribio hilo miaka iliyofuata hawakupata tofauti kubwa namna hiyo, na wengine hawakuipata kabisa. Watu 41 ni wachache mno kubebeshwa sheria ya ubinadamu.

#11 Mchumi wa Ligula

Na mfano wa korosho nao unachechemea. Mwaka wa bei nzuri mtu ana *hela*, ndiyo maana ananunua soda. Huwezi kutenganisha furaha na mfuko.

#12 Mtafiti Njaa

Hapo ndipo sarafu ya Isen inapokuwa na maana, mchumi. Senti kumi haimtajirishi mtu. Kama ilifanya kazi, haikufanya kupitia mfukoni.

#13 Mchumi wa Ligula

"Kama".

#14 Nahodha wa Msimbati

Mimi nimeingia kwenye utafiti wake mwingine, ule wa hali ya hewa, na nimecheka hadi wavuvi wenzangu wameniuliza kulikoni. Mwaka 1979 eti aligundua kuwa jua likiwaka watu wanakubali zaidi kumsaidia mtu anayewaomba wajibu maswali barabarani, na kwamba mkahawani bakshishi ya mhudumu inakuwa nono siku ya jua.

Sasa kama jua ndilo linaleta wema, Mtwara tungekuwa malaika wote. Mbona jirani yangu hajarudisha nyavu?

#15 Mwalimu Newala

Nahodha, jua la Minneapolis si jua la Msimbati. Kule kipupwe ni theluji na giza, jua likichomoza mtu anaona kama kaletewa zawadi. Na yeye mwenyewe hakufumba macho kwenye hilo: majira ya baridi, joto likipanda utayari wa kusaidia ulipanda. Majira ya joto ilikuwa kinyume, joto likizidi utayari ukashuka.

Kwa hiyo ukiuleta utafiti huku, jua la Novemba kabla mvua haijakaa sawa linatakiwa *kupunguza* wema. Upepo wa kusi wa mwezi wa saba ndio ungekuwa jua letu.

Kile cha mkahawani nakipenda zaidi. Wateja walikuwa ndani, jua haliwapigi, hawasikii joto wala baridi. Bado bakshishi ilifuata jua. Maana yake si raha ya ngozi, ni kitu kichwani.

#16 Nahodha wa Msimbati

Kusi watu wanakuwa wema kwa sababu hakuna anayekwenda baharini, tumekaa bure. Mtu aliyekaa bure anabeba chochote.

#17 Konda Mstaafu

Nahodha kagusa penyewe. Miaka yangu yote kwenye mlango wa gari nimejifunza kitu kimoja, kinachoamua ni haraka. Nikiwa na dakika za kupoteza, bibi nampandisha, kiroba nampandishia, na kuku wake namtafutia pa kukaa. Askari akishapiga filimbi kwamba tumekaa stendi kupita muda, hata aje malkia wa urembo na mimba ya miezi tisa, "wahi mama, wahi!"

#18 Mtafiti Njaa

Konda bila kujua umemnukuu Darley na Batson, Princeton, 1973. Wanafunzi 40 wa chuo cha uchungaji. Kila mmoja anaambiwa aende jengo la pili kutoa hotuba, na njiani kuna mtu kajikunja mlangoni anakohoa na kuugulia. Baadhi yao hotuba yenyewe ilihusu mfano wa Msamaria Mwema! Ambao hawakuwa na haraka walisimama asilimia 63. Wenye haraka ya wastani, 45. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kilichoamua sana ni saa.

Wapo waliomruka yule mgonjwa wakikimbilia kuhubiri habari za kutomruka mgonjwa.

#19 Konda Mstaafu

Nimecheka sana. Kumbe mimi ni profesa.

#20 Nesi Lindi

Wasalaam. Nachangia kwa nilichokiona kazini, bila kutaja kituo.

Wodi ya wazazi na ya watoto zinanipa tabu na nadharia zenu zote. Mtoto mwenye macho makubwa na mashavu, kila anayepita anasimama, hata mfagiaji anaacha ufagio. Hapo mwalimu wa #5 yuko sawa, uso wa kitoto unavuta huruma. Lakini kwa watu wazima naona jambo tofauti. Mgonjwa anayesema "mwanangu, samahani nakusumbua" anahudumiwa vizuri kuliko mrembo anayekunja uso. Na siku nilizolala vibaya najijua, naweza kumjibu kwa mkato mtu yeyote, awe anang'aa au hang'ai.

Halafu kuna msaada unaotoka kwenye huzuni. Mama aliyepoteza mtoto wake jana, leo yupo bado wodini anasubiri ndugu, namkuta anamshikia maji mwenzake wa kitanda cha pili. Huyo hakuokota sarafu yoyote.

#21 Mtafiti Njaa

Dada Nesi, hapo ndipo nilipotaka kufika tangu #10.

Cunningham alishikilia kwamba furaha na majuto havipiti njia moja. Katika ule utafiti wa 1980, baadhi ya watu waliokota sarafu, wengine walifanywa waamini wameharibu kamera ya mtu. Makundi yote mawili yalisaidia zaidi ya watu wa kawaida, ila sababu zilitofautiana. Aliyefurahi alivutika alipoambiwa changia ili watoto waendelee kutabasamu. Mwenye hatia alivutika alipoambiwa una wajibu kwa watoto hawa. Mmoja anataka kusaidia, mwingine anaona *inabidi*. Na alipopewa vyote viwili, furaha na hatia, havikujumlishana kama tungetarajia.

Mwaka 1990 aliirudia hoja hiyo kuhusu furaha na huzuni: kila moja ina mlango wake. Wapo wanaompinga. Robert Cialdini na wenzake walishasema zamani kwamba mwenye huzuni anasaidia ili ajipoze mwenyewe. Dada Nesi, yule mama alikuwa anajipoza?

#22 Nesi Lindi

Sikumuuliza. Nilimwacha amshikie mwenzie maji.

#23 Mzee wa Kitangari

Vijana hamjambo. Nimesoma yote. Mnazungumza uzuri kana kwamba ulishuka na mvua, ni ule ule kila mahali.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na chale uso mzima, mistari ya pembe pembe kutoka kwenye paji hadi shavuni, na ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu. Alipokuwa msichana watu walitoka vijiji vya mbali kumwona. Mie nilipokuwa mdogo, watoto wa mjini walimwona sokoni wakakimbia. Uso huo huo. Je, huyo Mmarekani angemweka kwenye kundi gani?

#24 Mwalimu Newala

Shikamoo mzee.

Swali lako liliulizwa na wengi, na Cunningham alitoa kazi nyingine mwaka 1995 kulijibu. Walitumia watu wa asili mbalimbali, wakiwemo wanafunzi waliotoka Asia na Amerika ya Kilatini, watu wa Taiwan, Wamarekani Weusi na Weupe. Kwenye nyuso walikubaliana kwa kiasi kikubwa. Kwenye *mwili* ndiko walikotofautiana: wanaume Weusi walipenda umbo lililojaa kuliko Weupe.

Ila yeye mwenyewe hasemi uzuri ni kitu kimoja. Anaugawa: kuna sehemu ya utoto, ya ukomavu, ya kuchangamka usoni, na ya kujipamba. Nadhani ndonya na chale vinaingia kwenye kujipamba, na hapo kila jamii ina lake.

#25 Mzee wa Kitangari

Marahaba mwalimu. Lakini hao uliowataja wengi wao walishakaa Marekani wakatazama televisheni moja. Wangekuja Kitangari mwaka 1940 ndiyo ningeelewa. Na chale haikuwa kujipamba tu. Ilisema huyu ni mtu wetu, amevumilia kisu. Ukimwona njiani unajua unamsaidia nani.

#26 Mtoto wa Nachingwea

Mzee kapiga msumari. Tunasaidia *watu wetu*. Uzuri ni sehemu ndogo.

Ndiyo maana kwenye msiba nadharia ya furaha na ya sura zote zinakufa. Watu wamevimba macho, nywele timutimu, hakuna aliyependeza pale. Lakini mtani anakuja, anachimba kaburi, anabeba maji, anawatukana wafiwa mpaka wanacheka, halafu anadai kulipwa kuku. Nani kamwangalia mwingine sura?

#27 Fundi Bajaji

Mtani wa Kimwera mkishiba ubwabwa wa msiba ndiyo mnaondoka, msitudanganye kuhusu kuchimba kaburi.

#28 Mgeni Shangani

Mimi si wa huku, nimetokea Moshi kikazi. Naomba niseme kitu cha pembeni kidogo.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika pale Somanga, nilikuwa kwenye basi tukitokea Dar. Magari foleni isiyo na mwisho, mvua, watoto wanalia. Pale niliona vyote. Kuna waliouza chupa ya maji kwa bei ya kukufuru. Na kuna mama alitoka kijijini na sufuria ya muhogo wa kuchemsha, akawa anagawa dirishani, kuanzia kwenye dirisha la wenye watoto. Wote wawili walinyeshewa mvua ile ile, basi lile lile mbele yao. Hali ya hewa haikuniambia nani atakuwa yupi.

#29 Mchumi wa Ligula

Mgeni karibu Kusini. Huo ndio ushahidi bora kwenye uzi mzima, kwa sababu unaonyesha *watu* wanatofautiana, na tafiti zenu zinapima wastani tu.

#30 Mtafiti Njaa

Watu wanatofautiana, na mahali panatofautiana pia. Robert Levine na wenzake, 2001, walilinganisha miji mikubwa 23 duniani kwa vijaribio vidogo: unaangusha kalamu bila kujua, unachechemea na kuangusha magazeti, unajifanya kipofu unataka kuvuka. Rio de Janeiro ilikuwa juu kwa asilimia 93, Kuala Lumpur chini kwa 40, New York 45. Na Lilongwe, hapo Malawi kwa majirani zetu, 86, ya tatu duniani. Miji yenye uchumi mdogo kwa ujumla ilisaidia zaidi.

Dar haikupimwa.

#31 Chikongola Juu

Bahati yao.

#32 Mchumi wa Ligula

Mtafiti, kwa hiyo maskini anasaidia zaidi, wakati #9 anasema tukipata hela za korosho ndiyo tunasaidia zaidi. Chagueni moja.

#33 Mtoto wa Nachingwea

Mji maskini na mtu aliyelipwa leo ni mambo mawili, mchumi. Unajua hilo, unachokoza.

#34 Binti Mikindani

Hoja yangu ya #6 hakuna aliyeijibu. Mmekimbilia Rio.

#35 Mtafiti Njaa

Nakujibu dada. Mwaka 1976 Benson na wenzake waliacha fomu za maombi ya chuo kwenye vibanda vya simu uwanja wa ndege. Fomu imejazwa, imebandikwa picha, bahasha ina stempu na anwani, kana kwamba mtu kaisahau. Anayeikuta ama aitie posta ama aiache. Fomu zenye picha za kuvutia zilitumwa zaidi. Sasa aliyeituma hatamwona mwenye picha maisha yake yote. Namba ya simu hapo anaipata wapi?

#36 Binti Mikindani

Umejibu vizuri, nakubali kwamba *kuna* msaada usio na namba. Lakini hiyo ni bahasha, haina nguo wala sauti. Barabara ya Mikindani ina watu hai. Na hata ukiondoa namba, bado uliniambia mwanamke mbaya wa sura fomu yake ilibaki pale ikakanyagwa. Hilo halikusumbui?

#37 Mwalimu Newala

Linasumbua. Kuna maelezo ya Dion, Berscheid na Walster, 1972: tukiona uso mzuri tunaujazia tabia nzuri kichwani. Huyu ni mpole, huyu ana akili, huyu atafanikiwa, kumbe hatujamsikia hata akikohoa. Kwa hiyo aliyetia posta ile fomu alidhani anamsaidia mtu *mwema*. Darasani naliona, na najichunga ninaposahihisha insha, maana najua mwandiko wa nani ni upi.

#38 Fundi Bajaji

Mwalimu wewe ulinipa sifuri miaka yote, sasa nimejua sababu.

#39 Mwalimu Newala

Wewe sifuri ulizitafuta mwenyewe, sura haihusiki.

#40 Mama Tandahimba

Samahani wenye elimu, naingia na swali la nyumbani. Huyo mtaalamu amewahi kueleza kwa nini mume akikuchumbia anakubebea hata kipochi, ukishazaa watoto wawili unabeba ndoo na mtoto mgongoni naye anakupita na redio?

#41 Mtafiti Njaa

Hahaha! Mama, ameeleza. Cunningham na wenzake wana kazi kuhusu vitabia vidogo vya mwenzako ambavyo mwanzo havikusumbui, vikirudiwa vinageuka kama mzio: kila ukikutana navyo unawashwa zaidi ya mara iliyopita. Kucheua mezani, kuacha taulo kitandani, kujisifu. Kadiri uhusiano unavyokaa ndivyo vinavyoongezeka na ndivyo vinavyokera zaidi.

#42 Konda Mstaafu

Mke wangu amesoma #41 begani kwangu. Nimeulizwa kuhusu taulo. Nawaachia uzi.

#43 Mama Tandahimba

Na kipochi?

#44 Mtafiti Njaa

Kipochi hakuna aliyekichunguza mama.

#45 Dada Maandazi

Nimechelewa. Mimi nakaanga pale pale karibu na stendi, Wakala ananijua. Asubuhi mafuta yakishika moto na iliki inanukia, watu wana lugha nzuri. Mteja anakosa chenji, mwenzake anasema namlipia mimi. Jioni nikiwa na sinia la mabaki yaliyopoa, shilingi hamsini inaleta ugomvi.

#46 Mtafiti Njaa

Dada, Robert Baron 1997. Maduka makubwa Marekani, watu wakiwa jirani na harufu ya biskuti zinazookwa au kahawa walikuwa wepesi zaidi kuokota kalamu ya mtu au kumvunjia noti. Akasema ni kwa sababu harufu inawachangamsha.

#47 Mchumi wa Ligula

Au asubuhi wana hela na jioni wameishiwa.

#48 Mtoto wa Nachingwea

Mchumi, hata ukifa utaomba risiti.

#49 Wakala wa Mkanaledi

Wadau mmenichanganya kuliko nilivyokuja. Nimehesabu: sura, mshawasha wa namba, furaha, mfuko, jua, haraka, undugu, harufu ya maandazi. Napendekeza tuache vitabu, tujaribu wenyewe hapa stendi. Tunampa mrembo kiroba cha makopa na bibi tunampa sanduku. Mimi nahesabu kutoka kibandani.

#50 Mtafiti Njaa

Wazo zuri, utekelezaji mbovu. Kwanza mzigo uwe mmoja kwa wote, si kubadilishana. Pili nguo zifanane, na watembee kwa mwendo mmoja. Tatu zifanyike asubuhi na jioni, ili maandazi na haraka ya magari visituvuruge. Nne, wewe huwezi kuhesabu. Unalo jibu lako tayari tangu #1, utaona unachotaka. Tunahitaji mtu asiyejua tunachotafuta.

#51 Nesi Lindi

Tano, wapiga debe wataanza kuwagombania kwa ajili ya abiria, si kwa ajili ya msaada. Mtawatofautishaje?

#52 Binti Mikindani

Sita, muwe na mwanaume mtanashati na asiye mtanashati pia. Kwenye uzi wote huu anayepimwa ni mwanamke, anayepima ni mwanaume.

#53 Mwalimu Newala

Na saba, kibali. Watu watakuwa wanachunguzwa bila kujua.

#54 Wakala wa Mkanaledi

Kibali nitazungumza na uongozi wa stendi. Dada Maandazi atahesabu, hajui lolote.

#55 Dada Maandazi

Nimesoma uzi wote, Wakala.

#56 Fundi Bajaji

Mimi najitolea nafasi ya mtanashati.

#57 Wakala wa Mkanaledi

Nafasi za warembo na watanashati zimejaa, wamenifuata faragha wengi hadi wengine sijui walipata wapi ujasiri. Nafasi ya asiyevutia hakuna hata mmoja aliyeomba. Nauli na chai ya maandazi juu yangu.

#58 Mtoto wa Nachingwea

Mmakonde mzima yupo hapo kibandani kila siku na bado mnatangaza nafasi?

#59 Wakala wa Mkanaledi

Mtani, kuja uniambie hivyo ukiwa na kiroba. Nitakutazama unavyokiburuta.